Fidla ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anatoa chumba cha mbele kiwe karakana. Atapewa mmoja: mimi, fundi wa fanicha, au shemeji, kaka wa mke wangu, anayeunda majeneza. Ataamua Jumamosi. Nimejipendekeza nimtengenezee fidla ya marehemu baba yake. Amesema nifute vumbi tu, rangi nisiguse. Nimeitikia. Mzee hajui anachokosa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeipiga msasa hadi mbao ikawa nyeupe. Pale pa kuwekea kidevu palikuwa na doa jeusi, sugu kwelikweli. Limeninyanyasa kwa saa mbili. Mke wangu kachungulia, kauliza kama baba anajua. Nikamwambia tunamshtukiza. Akasema yeye hajaona kitu.

Jumatano, 6 Machi
Nimepaka vanishi ya meza, mikono mitatu. Shemeji kapita, eti inang'aa kama kazi zake. Roho ya kwa nini hiyo. Nimeongeza mkono wa nne.

Alhamisi, 7 Machi
Haikauki. Nimeianika juani. Nzi wawili wamenata. Nimefanikiwa kumtoa mmoja.

Ijumaa, 8 Machi
Jua limeachanisha mgongo wa fidla. Nimetia gundi ya makabati, nikaubana kwa matofali. Nimejaribu kupiga. Inatoa sauti ya mtu anayebisha hodi. Nimejipa moyo: mzee husikia kwa shida.

Jumamosi, 9 Machi
Mzee kaipokea, kapapasa pale pa kidevu. Kauliza doa liko wapi. Nikamweleza kwa fahari jinsi lilivyonitoa jasho. Kisha akasema lile lilikuwa jasho la baba yake, la miaka arobaini, na kila akitaka kumkumbuka alikuwa anaweka kidevu chake palepale. Hakugomba. Afadhali angegomba. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Chumba kapewa shemeji.

Jumapili, 10 Machi
Mzee haitikii salamu yangu. Mke wangu anaitikia kwa niaba yake. Fidla imefungiwa kabatini, nisiiguse tena. Nimeapa mbele ya wote.

Jioni nikipiga viatu rangi, nimepata jawabu. Rangi nyeusi ya viatu! Doa la marehemu nitalirudisha, tena kubwa kuliko la mwanzo. Kesho mzee anakwenda kliniki. Ufunguo wa kabati najua unapokaa.