Maiti wa Kitwana

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimetolewa hospitali. Mbavu mbili zimevunjika, moyo unapiga. Wiki mbili nyuma ulisimama ghafla, harusini Mlingotini, sahani ya pilau mkononi. Kitwana, mtani wangu, akanikandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika na mashine ya kushtua moyo. Daktari kaagiza dawa kila siku, nisikimbie, nisibebe mizigo. Mke wangu Maulida kalia njia nzima. Mimi nawaza utani atakaonifanyia Kitwana tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Yaleyale niliyoyahofia. Nje ya msikiti Kitwana ananitambulisha kwa watu: huyu maiti wangu. Hata wageni wa Mbegani wameambiwa. Mtani hakasirikiwi. Nikacheka, mbavu zikauma. Njia ni moja: na yeye nimwokoe, tuwe sawa. Ana miaka sitini, mnene, anavuta sigara. Simtakii mabaya. Namtakia madogo tu, nikiwapo.

Jumatano, 8 Oktoba
Zahanati. Nesi Evarista kanifundisha. Mwite mtu, mtikise. Haitiki, hapumui? Ita msaada, kandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka. Kanisifu kwa kuwajali wenzangu. Nikaitika amina. Kisha nimemfuata Kitwana sokoni, shambani, hadi kwa kinyozi. Buheri wa afya. Inakera.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya swala na wali, Kitwana kalala barazani, mdomo wazi, kimya. Hatua ya kwanza ni kumwita kwa sauti. Nimeiruka, angeamka. Nilipofika mkandamizo wa tisa akaamka, akanikwida. Mkewe Raya kauliza kama nimerogwa. Kitwana kasema shukrani ya punda ni mateke.
Maulida kaniambia nikilala huniwekea mkono kifuani, asikilize. Kaniomba nitulie nyumbani. Nimeona huruma kwelikweli. Nimeahidi.

Jumatano, 15 Oktoba
Naandikia kitandani, hospitali. Jumamosi Kitwana alikwenda shamba kwa baiskeli, nikamfuata mbio. Dawa nilikuwa sijameza siku tatu, kwa wingi wa shughuli. Moyo ukasimama tena. Kitwana akageuza baiskeli, akanikandamiza, akapiga simu huku analia. Mbavu nne sasa. Maulida hasemi nami.
Kwa hiyo natakiwa kumwokoa mara mbili.
Yupo hapa kando yangu tangu jana, hajala, hatanii. Kasema kwa hofu niliyompa, na yeye moyo unamwenda mbio.
Nimemwomba alale kidogo. Chali.