Doa Kwenye Jani la Kiazi

Jumatatu, 4 Machi
Bosi, mtaalamu wa mimea, ametangaza: atakayetoa kiazi kinachostahimili ugonjwa wa baka jani ndiye atakayekipa jina. Nimemwahidi mama mkwe jina lake. Amekwishawaambia kwaya nzima. Mpinzani ni mmoja tu, Miwani wa meza ya pili. Hunisalimia vizuri kila asubuhi. Ana jambo huyo.

Jumanne, 5 Machi
Tumegawiwa mabomba ya sindano. Ndani mna protini inayotokana na jeni ambayo kimelea cha baka hutumia kukishambulia kiazi. Tunachoma majani, kila mtu ya miche yake, tunasubiri. Bosi alieleza na jinsi ya kusoma matokeo. Sikusikia, nilikuwa nawaza hotuba yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Miche yangu ina madoa makavu kila nilipochoma. Ya Miwani ni kijani kibichi, haina hata mkwaruzo. Mama mkwe kapiga simu kuuliza kama kiazi chake ni cha duara au kirefu. Nikasema cha duara. Wenzangu walipokwenda kula nikabadilisha vibao vya majina kwenye miche yetu. Kazi safi.

Jumatatu, 11 Machi
Bosi kampa Miwani mkono. Nikauliza, kwa upole, kama anampongeza kwa madoa. Akasema ndiyo hasa. Kiazi chenye jeni ya kinga kikiitambua protini ya adui, huua kipande kidogo cha jani ili adui asipate pa kusimama. Jani lisilo na doa halijatambua kitu.
"Lako limelala, ndugu yangu," akaniambia.
Nikakimbilia vibao. Nimechelewa. Miche imefungiwa chumba cha ugonjwa, kupuliziwa kimelea chenyewe.

Jumatatu, 18 Machi
Miche yenye jina langu ni myeusi kama mkaa. Ya Miwani imesimama. Ile ni yangu, na siwezi kusema.
Mama mkwe akatokea na gauni la Jumapili, kaja kukiona kiazi chake. Nikamwonyesha cha Miwani, kupitia kioo, nikasema ndicho. Miwani alisikia. Akanitazama, akamtazama mama anavyopapasa kioo kama shavu la mjukuu.
"Shikamoo mama," akasema. "Ndicho chako hicho."
Na jina la mama akaliandika yeye mwenyewe kwenye kibao.

Jumanne, 19 Machi
Mpango umekwenda kama nilivyoupanga. Mama mkwe ananiita mwanangu. Miwani bado simwamini.
Bosi anasema kimelea kitabadilisha jeni yake siku moja, kiazi kisikitambue tena, kwa hiyo tutafute jeni ya pili ya kinga. Jaribio linaanza kesho. Safari hii siri naijua: madoa. Pini iko jikoni, inapata moto.