Chokaa ya Pwani Kwenye Ukumbi Wetu

Leo nimeaibika mbele ya Manyoni nzima, na nimeona bora mlisikie kwangu mwenyewe kabla halijawafikia likiwa limeongezwa chumvi. (Wala halihitaji chumvi.)

Mnakijua kisima chetu cha mawe, kile walichokuwa wakichotea maji wapagazi wa misafara kabla hata Mjerumani hajafika. Kinabomoka. Mvua za mwaka huu zimeangusha upande mmoja, na sasa kina mama wanachota maji huku wameshikana mikono wasije wakatumbukia. Tulimwendea Bwana DC, akasema serikali haina fundi wa visima vya zamani. Ndipo tukasikia habari za chama cha hisani kule pwani kinachotunza majengo ya kale. Mzee Njiku, mkubwa wa kamati yetu, akawaomba waje watutazame. Wakakubali kumtuma mtu wao, Bwana Shomari.

Kupamba ukumbi wa kumpokea nikapewa mimi. Mimi ni fundi cherehani, sijui lolote kuhusu kuta, lakini kwenye kikao nilikuwa nimeongea kuliko wenzangu wote. Nikaagiza chokaa kutoka pwani, ikaja kwa treni, na jana nikapaka ukumbi ndani na nje. Nilitaka ienee, kwa hiyo nilizidisha maji. Hata hivyo ilimeremeta. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mwajuma, kwamba hata boma la Bwana DC halijafikia hapo.

Asubuhi nikavaa koti langu jeusi nikaenda stesheni. Bwana Shomari akashuka, mtu mzima, kofia yake ya kiua imekaa sawasawa kichwani.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Tumekuandalia ukumbi, utajiona uko kwenu. Kuta zote ni chokaa halisi ya pwani. Nimeichagua mimi mwenyewe."

Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Ahaa." Mimi nikadhani amefurahi.

Tulipofika, ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vilikuwa vya wazee tu, wengine wote wakaegemea ukuta. Bwana Shomari alipita karibu na mlango, akagusa ukuta, akatazama kidole chake, akakifuta kwenye leso. Mzee Njiku akamkaribisha, naye akaanza kuzungumza taratibu.

"Kwetu kuna mawe yanayoishi," alisema. "Yanaitwa matumbawe, yako ndani ya bahari. Samaki wadogo hujificha humo mpaka wakue. Siku hizi watu wanayang'oa, wanayachoma kwenye tanuru wapate chokaa. Yanapoadimika, wanabomoa misikiti ya kale iliyojengwa kwa mawe hayo hayo, nayo wanaichoma. Chama chetu kilianza kwa kulinda kuta. Tukaona hatutaweza bila kuilinda bahari pia, maana vyote huishia kwenye tanuru moja."

Kisha akaongeza, "Na chokaa yenyewe haibaki kwetu. Inapanda treni kuja bara."

Watu wakageuza shingo polepole. Kwanza wakatazama kuta. Halafu wakanitazama mimi. Nami, sijui nilifikiri nini, nikarudi nyuma nikaubana mgongo ukutani na kutanua mikono, kana kwamba mwili wangu ungeuficha ukumbi mzima.

Mzee Njiku akaniita. "Mwanangu, hebu mweleze mgeni. Chokaa hii umeitoa wapi?"

Nikafikiria kisima. Nikafikiria wale kina mama walioshikana mikono. Nikaona mgeni anapanda treni ya kurudi, na kisima kinabaki vile vile kwa sababu yangu. Basi nikadanganya.

"Hii si chokaa, mzee. Ni udongo wetu mweupe wa bondeni."

Bwana Shomari akainamisha kichwa. "Basi labda stesheni nilisikia vibaya," alisema kwa upole.

Ningetulia hapo hapo ukutani, pengine ningepona. Lakini nikageuka ili nikajifiche nyuma ya watu, na koti langu jeusi likaonekana mgongoni. Lilikuwa jeupe kuanzia mabegani hadi kiunoni, mikono yote miwili pia.

Mwajuma akauliza kutoka upande wa wanawake, kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "Baba Zuhura, na koti nalo umelichimba bondeni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walioegemea ukuta walipoinama kucheka, migongo yao nayo ikaonekana, kila mmoja na ukuta wake mgongoni. Bwana Shomari alicheka mpaka akavua kofia. Nikamwomba radhi pale pale. Akapangusa macho, akauliza, "Lakini huo udongo upo kweli, au nao umeutunga?"

"Upo," wanawake wakajibu pamoja.

Basi tukaenda bondeni, ukumbi mzima, wengi wetu weupe kwa nyuma. Mwajuma akamwonyesha jinsi wanavyouchanganya na maji ya mlenda ili usipukutike. (Miaka yote nimelala katika nyumba iliyopakwa udongo huo, na sikuwahi kuuliza kwa nini haunichafui.) Bwana Shomari akapaka kidogo kwenye jiwe, akasubiri likauke juani, akalisugua kwa kiganja. Kiganja kikatoka safi.

Palepale akasema chama chake kitamleta fundi wa mawe kiangazi hiki, atengeneze kisima pamoja na vijana wetu. Akaomba nasi tuwasaidie kwa kuacha kuagiza chokaa ya matumbawe. Mwinjilisti akasema Krismasi hii kanisa litapakwa udongo. Mwalimu wa madrasa akasema msikiti hautasubiri Krismasi. Mwenye duka alikuna kichwa, kisha akauliza kama udongo nao unaweza kuuzwa kwa gunia.

Mkubwa wa kuuchimba nimechaguliwa mimi. Mzee Njiku anasema mtu aliyeaibika kiasi hiki hana tena cha kuogopa.

Kesho asubuhi tunashuka bondeni na majembe. Njooni. Najua mtanicheka, lakini tafadhali nichekeni huku mnachimba.