Ombi la Ruhusa ya Kusema Mbali na Mashine ya Kufulia

Kwa Mhashamu Baba Askofu na Kamati ya Historia ya Bweni,

Nawasalimu nikiwa nimempakata mwanangu, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima mnisamehe.

Nimesoma rasimu ya kitabu chenu kuhusu bweni ambamo kanisa liliwaweka wanafunzi wetu Wagwichin wa kaskazini mwa Kanada. Kuhusu chumba cha kufulia mmeandika tu kwamba mashine zilikuwa "za kisasa na imara". Ni kweli, na malalamiko yangu yanaanzia hapohapo.

1. Effie, bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa lugha yetu namwita Jijuu, aliletwa kwenu angali mdogo. Kigwichin kilikatazwa kila mahali, lakini kando ya mashine zile zinazonguruma hakuna mlezi aliyesikia mtu akikisema. Wasichana wakawa wanagombea zamu ya kufua. Kitabu kinawasifu kwa "kupenda usafi". Nilipomsomea Jijuu, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Usafi gani, mjukuu wangu! Shuka tulikuwa tunazichafua wenyewe, zamu isiishe!"

2. Mpaka leo Kigwichin hakimtoki mpaka mashine ingurume. Nikiizima, anahamia Kiingereza katikati ya sentensi, kama mtu aliyeshikwa ukosi. Nami nataka binti yangu Tessa aipate lugha hiyo kabla Jijuu hajatutoka. Basi nafua. Nafua nguo safi, nafua mapazia, nafua nikisinzia. Suruali za mume wangu zimebaki utando, na ndizo anazovaa kwenda kutega samaki chini ya barafu. "Mke wangu," ananisihi, "niachie japo soksi moja inayonuka."

3. Tessa sasa anaiita mashine Jijuu. Anailisha samaki mkavu. Jijuu mwenyewe ameanza kuionea wivu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na bila kurudi nyuma, Mhashamu uje hapa Fort McPherson umwambie Jijuu, kwa ukali uleule wa kukataza, kwamba ameruhusiwa kusema jikoni, sebuleni na kanisani. Ikishindikana, tuletee mashine kwa kila chumba, na moja ya kufungwa kwenye sledi ya kuteleza thelujini tuendapo kambini. Na kitabu kieleze mashine zile zilikuwa zinaficha nini.

Nisalimie Mama Askofu, kamati nzima, na mlezi yeyote aliye hai. Jijuu anasema umwambie mlezi huyo shuka zilitakata.

Wenu katika povu,
Rosalie Snowshoe

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mashine imekufa. Jijuu akanyamaza. Tessa akamtazama, akachukua mwiko na sufuria, akaanza kuigonga ingurume kama mashine. Jijuu akacheka, akaendelea kwa Kigwichin. Tessa akachoka kugonga, Jijuu hakunyamaza. Sasa hivi jikoni hakuna mashine wala sufuria inayolia, naye anamwita Tessa kwa Kigwichin mpaka majirani wanasikia. Huna haja ya kuja tena, Mhashamu, ruhusa imeshatolewa. Ila kama una fundi, mtume upesi: leo nguo zimechafuka kweli.