Intaneti Haifiki Jikoni

Jumatatu, 9 Juni. Yoba, Gitega

Melania, mke wa Fredi. Naandika tena: mke wa Fredi. Bado sijachoka kuyaona maneno hayo kwenye karatasi.

Leo tumefungua zawadi ya mwisho ya harusi. Zilizotangulia, ukiacha seti moja ya sahani, zilikuwa chupa za chai, chupa za chai, na chupa za chai. Hii imetoka kwa wenzake Fredi wa ushirika kule Makebuko: visanduku viwili vyeupe vya kusambaza intaneti nyumbani. Kimoja unakichomeka kwenye waya wa intaneti sebuleni. Kingine unakipeleka mbali, nacho kinadaka intaneti ya mwenzake hewani na kuipitisha mbele. Hewani! Nikamuuliza Fredi inapitaje ukutani. Akasema inapita tu. Nikamuuliza kama inapita pia katikati yetu tukikumbatiana. Akacheka mpaka akakaa chini. Nampenda.

Zawadi imekuja kwa wakati wake. Jumapili mama yangu atanipigia simu ya video kutoka Butihinda. Goti lake halimruhusu kusafiri hadi Gitega, na tangu harusi hajapaona ninapoishi. Sebule hataki kuiona. Anasema sebule hupangwa kwa ajili ya wageni, lakini jiko halijui kudanganya. Akiliona jiko atajua kama nimepokelewa vizuri. Nalo jiko letu liko mwisho wa ua, nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Intaneti haifiki. Hata mtandao wa simu, ukifika huko, picha inaganda.

Nimemuahidi Mama. Ataona kila kitu, mpaka mwiko.

Jumanne, 10 Juni

Fredi kazini. Nimevifunga visanduku mwenyewe. Sikumaliza sekondari bure. Nimeviweka juu ya kabati la sebuleni, vikigusana, juu ya kitambaa nilichokidarizi mioyo miwili. Vimekuja katika boksi moja, nani ana moyo wa kuvitenganisha? Taa zikawaka kijani. Cha kulia nimekiita Fredi.

Nikaenda jikoni na simu. Hakuna kitu. Nikapanda juu ya kinu. Hakuna. Nikauzima moto, labda moshi unazuia. Hakuna, na sasa maharage mabichi.

Mama Gaudensia, mama mkwe wangu, akanikuta juu ya kinu. Akauliza natafuta nini huko juu. Nikasema intaneti. Akasema yeye akipoteza kitu huanza kutafuta chini.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda mjini, kwenye duka la Irshad, vilikonunuliwa visanduku. Mtu wa subira. Alinisikiliza mpaka mwisho, habari za mioyo miwili zikiwemo. Kisha akasema, "Dada Melania, ukiziweka pamoja zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Moja ikae sebuleni, ingine iende mbele."

Niliumia kidogo. Nikauliza viachane umbali gani. Akasema cha pili kikae pale ambapo bado kinamsikia mwenzake vizuri. Ukikipeleka kusiko na intaneti, kitagawa nini? Nikamchorea ua wetu. Akatikisa kichwa. Ua mrefu. Kinatakiwa cha tatu, na kimoja kikae katikati. Nikataka kujua kama cha tatu kitaelewana na wawili ambao wameshaoana. Akasema vikiwa vya aina moja, vinapokeana.

Sina fedha, ila nina chupa za chai. Kwa Irshad nazo zinauzwa, rafu ya juu. Nimebadilishana naye karibu zote, mpya, ndani ya maboksi, kwa kisanduku cha tatu. Nilianza na ile mbaya kuliko zote, yenye tausi wa rangi ya machungwa. Fredi hatagundua. Mwanamume hahesabu chupa.

Alhamisi, 12 Juni

Kimoja sebuleni, kimoja jikoni. Cha kati je? Nimetembea uani nikitazama simu. Katikati kabisa ni dirisha la chumba cha mama mkwe.

Haiwezekani. Kila jioni Fredi anakwenda "kumsalimia mama" na kurudi ugali umepoa. Nikimpelekea na intaneti huko, atahamia. Ndoto yangu ni nyingine: akae jikoni na ripoti zake za ushirika, mimi namenya viazi, tunatazamana.

Kwa hiyo cha kati nimekificha stoo, ndani ya sanduku langu la bati la harusi, vumbi lisikipate. Waya nimeupenyeza kwenye bawaba. Kufuli juu.

Jikoni taa nyekundu. Nadhani kisanduku hakijazoea nyumba. Hata mimi wiki ya kwanza nililia.

Ijumaa, 13 Juni

Balaa. Mama mkwe alikwenda kwa Irshad kununua ndoo. Akamwona tausi rafuni. Akaigeuza chupa. Chini, nukta ya rangi ya kucha, nyekundu: alama anayotia kwenye vyombo vyake vyote visipotelee kwenye misiba na harusi za watu. Kumbe hutia hata kwenye zawadi anazotoa.

Akarudi nayo, akaiweka mezani mbele ya Fredi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akauliza, "We mukazana wangu, mke wa mwanangu, hii chupa ilienda mjini kwa miguu yake?"

Nikasema yote. Goti la Mama, jiko, tausi, sanduku la bati. Fredi alitazama dari. Mama mkwe akauliza kama mama yangu anataka kuliona jiko ili ajue kama nateswa hapa. Nikaanza kumpangusa tausi vumbi. Maana ndivyo.

Akanipeleka stoo. Akasema fungua. Akasema intaneti nayo ni kama mtu, ukiifungia ndani ya bati itamsikia nani? Akakibeba kisanduku mpaka chumbani kwake, akakiweka dirishani kando ya Bikira Maria.

Jikoni, kijani.

"Sasa aangalie," akasema, akaenda zake.

Jumapili, 15 Juni

Mama akapiga baada ya misa. Uso wake umejaa simu nzima, safi, hata kovu la kidevuni. Nikamwonyesha sufuria. Akauliza mbona zinang'aa hivyo, hazipikiwi? Nikamwonyesha mwiko. Akasema mwiko hausemi kitu.

Ndipo mama mkwe akaingia na chupa ya tausi. Hakuitazama simu. Akamimina chai, kikombe cha kwanza akanipa mimi, kisha akajimiminia chake.

Nilidhani picha imeganda. Kumbe Mama anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Akasema nimpe huyo mama aongee naye.

Nikampa. Wakaanza na magoti. Mama mkwe akaondoka na simu kwenda chumbani kwake, ambako picha ni nzuri zaidi, na sikuiona tena mpaka baada ya chakula cha mchana. Fredi akabaki nami jikoni, bila simu, bila ripoti, akimenya viazi vibaya mno na kunitazama. Raha kuliko harusi. Kweli, kuliko harusi.

Jumanne, 17 Juni

Jana Fredi alikwenda kumsalimia mama yake. Akarudi ugali umepoa. Eti huko intaneti ni bora kuliko nyumba nzima.

Nimefikiri sana. Si kosa la Fredi. Kisanduku cha jikoni kiko peke yake, kimepoozwa na upweke.

Leo nimekwenda kwa Irshad na seti ya sahani za harusi. Zilikuwa na nukta nyekundu chini; nimezifuta kwa mafuta ya taa. Nimerudi na cha nne. Nimekiweka jikoni karibu na mwenzake, vikigusana, juu ya kitambaa cha mioyo miwili. Taa zote kijani.

Cha kulia nimekiita Fredi.