Naomba Hati ya Dhoruba ya Jumamosi Iliyopita

Kwa Bwana Meneja wa Kayaki,
Ghuba la Mikoko, Krabi.

Bwana Meneja mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kinachojua mbele ni wapi. Mimi ni Somnuek, yule bwana wa Jumamosi mwenye kofia ya ubaharia. Nimekula chumvi ya bahari miaka tisa kwenye meli za mizigo, na bandari zinazonijua ni nyingi kuliko nywele zilizonibakia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji yenu yametulia kupita kiasi. Tangazo lilisema safari inawafaa wanaoanza, watoto na vikongwe. Nikadhani mnajishusha tu, kumbe kweli! Nyumbani nimesimulia mawimbi marefu kama paa la hekalu. Naileta familia ione, naikuta bahari imelala kama uji uliopoa. Mwanamume ataonyesha ubaharia wake wapi?

2. Dada wenu wa mapokezi alinialika kwenye mafunzo ya dakika kumi. Nikamwambia, "Dada, wafundishe hawa wa nchi kavu." Naye akakubali! Mfanyakazi mwaminifu angebisha. Mama mkwe wangu, Bibi Chaem, mgema wa utomvu wa mpira mwenye miaka sabini na moja, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mtungi, alihudhuria mpaka mwisho na akauliza maswali.

3. Hili ndilo kubwa. Kayaki zenu, mitumbwi hii myembamba, zimechongoka ncha zote mbili sawasawa, mbele na nyuma hazijulikani. Sasa Mama wa Chombo akae wapi? Kila mtu hapa kwetu anajua roho huyu mlinzi wa chombo hukaa mbele kabisa, na pale hapakanyagwi wala hapakaliwi. Kwa heshima nikafunga shada la yasmini na vitambaa vya rangi tatu, nikawasha udi, nikapiga magoti. Kisha nikampakia binti yangu Kung, mwenye miaka minane, tukakaa tumelielekea shada. Tulipofika katikati ya maji, mke wangu Wilai akapiga ukelele kutoka kayaki ya mama yake: "Baba Kung wee! Shada umelifunga nyuma!"

Ningefanya nini? Shada likishafungwa halifunguliwi majini. Ni sawa na kumfukuza mwenye nyumba. Nikakata shauri kwamba alipo Mama wa Chombo ndipo mbele. Tukaendelea hivyo, viegemeo vya viti vikitugonga magoti, kayaki ikizunguka kama pia. Mama mkwe akatupita: "Nuek, unakwenda au unarudi?" Baada ya nusu saa akatupita tena, akitoka kule tulikokuwa tunakwenda: "Bado mpo? Nilidhani mmeshavuka bahari!"

4. Tumbili wenu hawana adabu. Mmoja alishuka mkokoni, akaketi palepale pasipokaliwa, akala shada lote. Mama mkwe akaunganisha viganja na kumwinamia: "Shikamoo, nahodha!" Mimi hakunisalimia.

Bwana Meneja, haya yote ningeyameza. Lakini Jumatatu Kung atasimama mbele ya darasa kusimulia safari aliyofanya na baba yake baharia, na mtoto huyu hajui kudanganya. Amemfuata mama yake. Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumapili jioni, hati yenye mhuri inayothibitisha kwamba Jumamosi saa nne asubuhi dhoruba kali ililipiga ghuba lenu, ikachagua kayaki moja tu. Kama dhoruba haiwezekani, andika kimbunga kidogo. Kama nacho ni kigumu, basi tangazeni rasmi kwamba mbele imehamishwa.

Nisalimie dada wa mapokezi, wapiga makasia wote, na hata yule tumbili, ingawa hastahili.

Ni mimi, nidaiye haki kwa upole,
Somnuek, baharia.

N.B. Usipige mhuri kwanza. Kung amenisomea sasa hivi atakayosema: "Bibi aliona mbele tu. Mimi na Baba tuliona pande zote, mara mbili, na tumbili alipanda chombo chetu tu, si kingine." Tena ameahidi kwamba nitawapakia wenzake wote, zamu kwa zamu. Kwa hiyo dhoruba ifutwe, maji yabaki uji. Na yale mafunzo ya dakika kumi, naomba niyapate mapema, kabla watoto hawajafika. Melini nilikuwa mpishi, Bwana Meneja, na jiko halikuwa na dirisha.