Nilivyomchagulia Eunike Chuo

Jumatano, 3 Septemba

Ujumbe umeingia saa nne asubuhi, nikimkatia ng'ombe migomba. Umeingia kwenye simu yangu kwa sababu Eunike aliomba vyuo kwa namba yangu. Yake ilizama kwenye ndoo ya maziwa mwezi wa sita.

Vyuo viwili vimemtaka binti yangu. Viwili! Cha kwanza Mlimani, Dar es Salaam. Cha pili Chuo Kikuu cha Mbugani. Achague kimoja na kukithibitisha kwa namba waliyotuma. Mwisho Jumamosi, tarehe 13.

Nikamwita. Akasoma, akanirukia na kunikumbatia, samadi na yote. Kisha akasema Mbugani ndicho chaguo lake la kwanza. Nikadhani amekosea mstari. Hakukosea. Huko wamempa uhandisi wa umwagiliaji. Mlimani wamempa kozi aliyoiandika mwisho ili fomu isibaki wazi.

Mbugani. Ni cha serikali, sawa. Lakini nani amewahi kukisikia? Nilimuuliza kiko wapi. Akasema ukishapita Singida, bado kidogo. Kidogo hicho nakijua mimi.

Jirani yangu Wilson ana kijana, Godbless, yuko Mlimani mwaka wa pili. Wilson anakata majani ya ng'ombe amevaa fulana ya chuo cha mwanawe. Mwaka mzima naitazama fulana ile ng'ambo ya mpaka.

Nimemwambia Eunike tutaongea. Simu nimeitia mfukoni mwa koti.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefanya utafiti. Pale tunapopelekea maziwa nimeuliza watu saba. Wote wanaijua Mlimani. Mbugani hakuna aijuaye. Mmoja aliuliza kama ndipo penye mnada wa ng'ombe.

Nikapita kwa Mwalimu Davis, mstaafu, mtu mwenye vitabu. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza kwa nini vyuo vyote viwili ni vya serikali lakini kimoja kina jina na kingine hakina. Akasema chuo kinapata jina kwa kuzeeka. Kwa kukaa mjini. Waliosoma pale wakashika ofisi, nao wakaajiri waliosoma pale. Waandishi wa habari wakitaka profesa wa kusema kwenye televisheni wanamfuata wa jirani, hawapandi basi kwenda kumtafuta wa mbali. Jina likishakuwepo, wanafunzi bora wanalifuata, na jina linazidi. Akaongeza kwamba hayo yote hayamwambii mzazi kozi fulani inafundishwa vipi. Mzazi mwenye akili anaangalia kozi.

Nimemshukuru sana. Nimebeba ile nusu ya kwanza.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemwambia mke wangu Winfrida naenda sokoni Kwa Sadala kutafuta dawa ya kupe. Nikaenda moja kwa moja steshenari kwa Flavia, yule binti anayewajazia wanafunzi fomu kwenye kompyuta.

Flavia aliuliza mwanafunzi mwenyewe yuko wapi. Nikasema ana homa. Mungu anisamehe. Nikamsomea namba kwenye simu, akabonyeza, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nina uhakika, mama. Imethibitishwa: Mlimani. Akanipa hongera. Nilitoka pale nimeinua kidevu.

Nyumbani Winfrida akauliza dawa iko wapi. Nikasema imeisha soko zima. Akatazama viatu vyangu, havina hata tope la sokoni.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya aibu. Naiandika ili iishe, lakini haiishi.

Nilibeba mkungu wa ndizi mshare kanisani, sadaka ya shukrani. Nikamnong'oneza mzee wa kanisa atangaze kwamba familia inamshukuru Mungu kwa binti yetu kuchaguliwa Mlimani. Nilipanga vizuri. Eunike angekuwa na kwaya, wamealikwa usharika wa Himo. Kumbe gari la kwaya liliharibika. Alikuwa benchi la tatu.

Likatangazwa. Kanisa lote likapiga makofi. Yeye alikaa na mikono yake mapajani. Nilimwona kisogo tu, na kisogo kilinitosha.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka pale nje. Wilson akaupandia dau mkungu wangu hadi wengine wakanyamaza. Akaununua. Halafu, kwa moyo mweupe kabisa, akamkabidhi Eunike kama zawadi, akamkaribisha Mlimani kwa niaba ya Godbless. Mtoto akashukuru kwa kupiga goti. Akajitwisha mkungu hadi nyumbani. Nilitaka kumpokea, akasema asante baba, ameshauzoea.

Nyumbani akaomba aone simu. Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Aliniuliza kama nakumbuka alikuwa akimfuata nani kila Jumamosi tangu darasa la tano. Alikuwa akimfuata marehemu babu yake kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji kutoka juu, kuzibua na kugawa zamu. Akasema kila mwaka maji yanapungua, wa juu na wa chini wanashikiana mapanga, na yeye anataka kujua la kufanya. Akasema nilikuwa nalijua hilo.

Sikulijua. Sikuwahi kuuliza.

Jumatatu, 8 Septemba

Eunike ananiamkia shikamoo, ananiwekea chakula, basi. Winfrida anasema nimembadilisha mtoto na fulana.

Nimempigia Flavia. Anasema inaweza kufutwa kabla ya Jumamosi, ila mwanafunzi aende mwenyewe. Nikashukuru, nikakimbia kumwambia Eunike twende.

Amekataa. Anasema kanisa zima limeshapiga makofi. Akibadilisha sasa, baba yake ataonekana alidanganya mbele ya madhabahu. Hawezi kunivua nguo mbele za watu. Ataenda Mlimani, atasoma hiyo kozi, yaishe.

Nilikaa zizini nusu saa nikiwa na furaha. Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Nusu saa nzima nilifurahi. Kisha ng'ombe akanigeukia, nikaona aibu mbele ya ng'ombe.

Jumatano, 10 Septemba

Siku mbili chakula hakipiti. Mtoto anavunja maisha yake ili kuficha uongo wangu, nami nakunywa chai.

Leo asubuhi nikakumbuka isale, ule mmea wa majani marefu. Hapa kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akishaletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mbele ya isale hata wenye kesi za viwanja hunyamaza. Lakini mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Baba kumpelekea binti yake sijawahi kusikia. Nikasema potelea mbali.

Masale yangu ya uani yaliliwa na mbuzi. Yaliyobaki ni yale ya mpakani, kati yangu na Wilson. Nikainama na panga, nikakata moja. Sikufikiri. Masale ya mpakani ndiyo mpaka wenyewe. Mtu akionekana ameinama pale na panga, hakuna anayedhani anatafuta msamaha.

Wilson aliniona. Akapiga yowe kwamba mimi, Hosea, nahamisha mpaka. Majirani watatu wakatokea, mmoja na kikombe chake cha chai. Ilinibidi nichague: mwizi wa ardhi au mwongo wa kanisani. Nikachagua mwongo. Nikawaeleza yote nikiwa na jani mkononi: ujumbe, Flavia, homa ya uongo, mkungu.

Wilson akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ni kweli mtoto alichaguliwa Mlimani akaikataa. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo. Akaondoka taratibu, amesahau hata mundu wake.

Nikampelekea Eunike jani jikoni, akimenya ndizi. Nililishika kwa mikono miwili. Nikamwambia nimemkosea, kwamba makofi yale ni yangu, nitayarudisha mwenyewe, yeye aende anakotaka. Winfrida akaziba mdomo na khanga. Eunike akafuta mikono, akalipokea, akalia. Nami nililia, sifichi.

Akasema amenisamehe. Ameomba kitu kimoja tu: nikitaja chuo chake niseme ukweli kama ulivyo, nisipunguze wala nisiongeze. Nimeapa.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekwenda kwa Flavia watatu. Mlimani imefutwa, Mbugani imethibitishwa. Flavia akamuuliza Eunike kama homa imepona. Eunike akasema aliyekuwa mgonjwa ni baba. Nikasoma bei za bahasha ukutani hadi tulipotoka.

Njiani aliimba. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimsikia akiimba nje ya kwaya.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesimama kanisani. Nikasema Jumapili iliyopita nilitangazisha uongo, na kwamba binti yetu anakwenda Chuo Kikuu cha Mbugani kwa kupenda kwake. Mtu mmoja akakohoa. Eunike alinitazama kutoka kwenye kwaya, akatikisa kichwa kukubali. Kama ningekufa pale ningekufa mtu mwema.

Nje hakuna aliyenisogelea. Nilisimama peke yangu kama kuku mgeni. Kisha Wilson akaja. Akauliza, sauti ya chini, huko Mbugani kuna nini hadi mtoto aikatae Mlimani.

Ukweli ulikuwa mdomoni. Umwagiliaji. Neno moja. Lakini Wilson alikuwa ameniamkia yeye kwanza, jambo ambalo hajalifanya tangu Godbless aondoke, na wengine walikuwa wameanza kusogea. Mwalimu Davis hakuwepo. Nikasema ni chuo ambacho hakichukui kila mtu. Wakasogea karibu zaidi. Nikasema wanaokosa Mbugani ndio wanaopelekwa Mlimani.

Mzee wa kanisa akasema hata yeye alishakisikia. Mwingine akasema mtoto wa shemeji yake aliomba huko mwaka jana, wakamkatalia. Sikubisha. Kabla kwaya haijavua majoho, Mbugani ilikuwa na jina.

Eunike alikuwa bado ndani. Nilihisi aibu, naapa. Ilinijia hapa kifuani, ikakaa kidogo.

Wilson akanivuta pembeni, nyuma ya choo cha kanisa. Binti yake Pamela ataomba chuo kwenye dirisha la pili la maombi, na ameng'ang'ania chuo cha ualimu. Wilson anataka Mbugani. Akaniuliza kama kuna namna. Nikamwambia kesho asubuhi, Pamela akiwa ameenda kukata majani, aniletee simu ya binti.